Nairobi na Dar es Salaam Angani

Kati ya Nairobi na Dar es Salaam kuna takriban kilomita 670 kwa mstari mnyoofu. Mstari huo hupita upande wa mashariki wa Kilimanjaro, mlima wenye urefu wa mita 5,895, ndiyo maana abiria hugombania dirisha. Kwa barabara, kupitia Namanga na Arusha, safari huwa ndefu zaidi kwa mamia ya kilomita.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi mwaka 1946 kwa ndege ndogo za Dragon Rapide, zilizoundwa kwa mbao na kitambaa. Zilibeba abiria wanane hivi na kwenda kasi ya kilomita 210 kwa saa. Hata bila kutua njiani, safari kati ya miji hiyo miwili ilihitaji zaidi ya saa tatu. Miaka ya 1960 zilikuja Fokker Friendship, zenye kasi iliyozidi maradufu, na muda ukapungua kwa zaidi ya nusu.

Kikwazo kikubwa cha safari hiyo hakikuwa injini bali siasa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika hilo la ndege la pamoja likafa, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Miji hiyo jirani ikawa mbali kuliko wakati wowote tangu ndege zianze kuiunganisha.

Leo ndege ya jeti huchukua kama saa moja na robo.