Uwanja wa Manda, Mlango wa Amu Ng'ambo ya Maji

Anayekata tiketi ya ndege ya Lamu hushushwa Manda. Lebo ya mzigo wake imeandikwa LAU, herufi za Lamu, lakini mji wenyewe, ambao sisi twauita Amu, anauona ng'ambo ya mkondo, na safari itamalizikia kwenye boti.

Manda ni kisiwa cha miji iliyohamwa. Mji wake wa kale, ambao magofu yake yalichimbuliwa na Neville Chittick kuanzia miaka ya 1960, ulikuwapo tangu karne ya 9. Takwa, upande wa pili wa kisiwa, ulihamwa karne ya 17. Wazee hutaja maji: Manda haina maji matamu ya kutosha. Amu kuna matuta ya mchanga ya Shela yanayohifadhi maji ya visima vyetu, na mimi hushukuru kila nikikumbuka kwamba lami ya uwanja haikumwagwa huko. Mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, wenye vichochoro vya punda na watembea kwa miguu, umebaki umetengwa na ngurumo za ndege kwa upana wa mkondo.

Kwa miaka mingi abiria walingojea chini ya banda la makuti. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya iliundwa kwa sheria ya mwaka 1991, na Manda ni miongoni mwa viwanja inavyoviendesha. Baadaye njia ya ndege ilirefushwa. Palipozoeleka ndege ndogo za abiria kumi na kitu kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, sasa hutua pia ndege za mapangaboi za viti zaidi ya 70.

Uwanja umeonja misukosuko ya Amu yote. Utekaji wa wageni wa mwaka 2011, kisha mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, viliwafukuza watalii, na ndege zilipopungua, mabaharia walikosa chakula cha jioni. Shambulio la tarehe 5 Januari 2020 halikutokea hapa, bali katika kambi ya kijeshi ya Manda Bay, Magogoni, bara. Kufanana kwa majina kulituponza. Miezi miwili baadaye korona ikafunga anga, hadi Julai.

Lakini mvua ndiyo huonyesha thamani ya uwanja huu. Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara ya Lamu–Garsen pale Gamba, mabasi yakakwama. Siku kama hizo, mgonjwa wa kupelekwa Mombasa au Nairobi hutegemea Manda.

Kazi ya uwanja haiishii langoni. Ndege ikisikika tu, mabaharia wamekwisha kufunga kamba gatini. Mahamali husukuma mikokoteni ya mizigo, magurudumu yakigonga, abiria wakifuata nyuma kwa miguu. Maji yakijaa, boti huelea karibu na sakafu ya gati, na mtu hupanda bila taabu. Yakipwa, hasa wakati wa bamvua, ngazi za chini hubaki wazi, zimejaa ukoga. Hapo baharia husimama mguu mmoja botini, mmoja ngazini, akanyoosha mkono.

"Taratibu, mama. Kanyaga hapa."

Masanduku hupokelewa mkono kwa mkono, mtoto hupokelewa vivyo hivyo, kisha injini huwashwa na mbele huanza kuonekana minara ya misikiti.