Joto la Viungio katika Historia ya Setilaiti za Kenya na Uganda

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Kenya ilitoa mahali; usanifu ulitoka nje. Mwaka mmoja kabla, Cooper, Mikic na Yovanovich walikuwa wamechapisha kielelezo cha kukadiria joto linalopita kati ya nyuso mbili za metali zilizobanwa pamoja.

Nyuso hizo, hata zikisuguliwa zikang'aa, hugusana kwenye ncha chache tu. Duniani, hewa iliyo katika nafasi zilizobaki husaidia kupitisha joto. Katika ombwe la anga haipo, na joto hupita hasa kwenye ncha hizo. Kielelezo cha 1969 kilionyesha kuwa upitishaji huongezeka karibu sawia na shinikizo la mbano, hupungua metali inapokuwa ngumu zaidi, na hutegemea ukwaru wa nyuso.

Nusu karne baadaye, wahandisi wa Afrika Mashariki walikutana na swali hilo wakiwa wasanifu. PearlAfricaSat-1 ya Uganda, iliyosanifiwa na Waganda watatu katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, ilirushwa tarehe 7 Novemba 2022. Taifa-1 ya Kenya, iliyoendelezwa pamoja na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria, ilifuata tarehe 15 Aprili 2023. Setilaiti ya aina hii huizunguka dunia kwa takriban dakika 90, ikitoka juani na kuingia kivulini. Kiungio kisichopitisha joto kama ilivyokadiriwa huweza kuiacha betri au kamera nje ya kiwango chake salama.

Hasara hiyo hufika hadi chini. Kamera hizo zilikusudiwa kuangalia ardhi na maji. Mkulima wa Busia au Tororo, ambaye mvua yake haijui mpaka, hukosa picha kwa sababu ya skrubu isiyobanwa ipasavyo.

Kielelezo hakitoshi pasipo vipimo vya nyuso halisi, na vipimo hivyo huhitaji chemba ya ombwe. Katika Busia na Malaba, Kenya na Uganda tayari hutumia vituo vya pamoja vya forodha. Maabara ya pamoja ya kupima viungio ingefuata mantiki iyo hiyo: gharama moja, faida pande mbili, na ujuzi unaobaki nyumbani.