Mji Wenye Mlango na Mji Wenye Ukuta: Kujitenga kwa Wenye Nafasi na Hali ya Watu wa Nje katika Usambara, Kutoka Vuga hadi Lushoto

1. Utangulizi

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki neno "uzunguni" limebaki hai miaka mingi baada ya Wazungu wenyewe kuondoka. Kwanza linataja mahali: nyumba zilizotengana, miti ya kivuli, barabara iliyotunzwa na lango lenye mlinzi. Pamoja na hayo linataja tabia inayodhaniwa kuambatana na mahali hapo, yaani kujitenga, kutomjua jirani na kumtilia shaka kila apitaye. Dhana hiyo imezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuulizwa ina ukweli gani. Je, wakazi wa maeneo ya kitajiri huwadharau watu wa nje kwa sababu ya tabia zao, au kwa sababu ya jinsi maeneo hayo yalivyoanzishwa na kuendeshwa?

Insha hii inalichunguza swali hilo kwa kufuata historia ya Milima ya Usambara Magharibi, hususan mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Eneo hili linafaa kwa uchunguzi huo kwa sababu milima hiyo imewahi kuwa na miji miwili ya wenye nafasi. Wa kwanza ni Vuga, makao ya wafalme wa Kikilindi. Wa pili ni Wilhelmstal, makao ya maofisa na walowezi. Yote miwili iliwazuia watu wa nje, lakini haikuwazuia kwa namna moja. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tofauti kati ya miji hiyo haikuwa wema au ubaya wa mioyo ya wakazi wake. Tofauti ilikuwa kwamba Vuga ilikuwa na njia ya kumgeuza mgeni kuwa mwenyeji, ilhali Wilhelmstal ilijengwa juu ya sheria ambazo hazikumpa mwenyeji njia yoyote ya kuingia.

2. Vuga: mgeni aliyefanywa mfalme

Masimulizi ya Wasambaa kuhusu asili ya ufalme wao yanaanza na mtu wa nje. Kwa mujibu wa *Habari za Wakilindi*, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kilichochapishwa kwa sehemu huko Msalabani, Magila, kati ya mwaka 1895 na 1907, Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Nguu. Alihesabiwa kuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na jamaa zake walimnyima urithi wakimwona kuwa mwenye nuksi. Alikimbia, akazunguka porini na mbwa wake, na hatimaye akapokewa na watu wa milimani kwa sababu aliwagawia nyama na kuwaondolea wanyama waharibifu.

Jambo la kuzingatia katika simulizi hili si usahihi wa kila tukio, bali maana ambayo jamii yenyewe iliipa. Aliyekataliwa kwao alikubaliwa ugenini; na kukubaliwa huko kulikuwa na taratibu zake. Mbegha alioa katika sehemu mbalimbali za nchi, na wanawe wakatawala kwenye nchi za mama zao, wakiwa na wajomba miongoni mwa raia. Kwa njia hiyo Mkilindi alikuwa mtawala kwa baba na mwenyeji kwa mama. Msemo wa Kiswahili usemao "Mgeni njoo, mwenyeji apone" unaelekeana kabisa na simulizi hilo.

Hata hivyo, ukoo ulioanzishwa na mgeni haukuuacha mji wake wazi. Richard Burton na John Speke walipofika Vuga mwanzoni mwa mwaka 1857, katika enzi ya Kimweri ye Nyumbai, walipewa malazi nje ya mji, kwa kuwa wageni hawakuruhusiwa kukaa ndani yake. Mji wa mfalme ulikuwa na miiko yake. Humo walikaa wake wa mfalme na humo zilitunzwa siri za utawala. Wasambaa wenyewe walitofautisha milima, mahali pa mvua, migomba na watu, na nyika ya chini, mahali pa joto, maradhi na hatari. Aliyepanda kutoka nyikani alitazamwa kwa tahadhari.

Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba kujitenga kuliletwa Usambara na Wazungu. Wala si sahihi kudai kwamba Wakilindi walipendwa siku zote. Baada ya Kimweri kufariki mwanzoni mwa miaka ya 1860, warithi wake walipigana wao kwa wao, na biashara ya watumwa ikaongeza maafa ya raia. Mwishoni mwa miaka hiyo Wabondei waliasi dhidi ya Wakilindi katika vita vinavyojulikana kama Kiva. Uasi huo unaonyesha kwamba ukoo uliowahi kujifungamanisha na raia kwa ndoa na ujomba uliweza kuonekana tena kuwa wa kigeni pale ulipoacha kuwalinda. Uenyeji wa mtawala ulikuwa na masharti, na raia waliyakumbuka masharti hayo.

3. Wilhelmstal: ardhi, kipande na kiboko

Utawala wa Kijerumani ulipoimarika katika miaka ya 1890, Usambara ilivutia macho kwa sababu mbili: hali ya hewa na ukaribu wa bandari ya Tanga. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893, na kufikia mwaka 1905 treni zilifika Mombo, chini ya mlima. Kutoka hapo barabara ilipanda hadi Wilhelmstal, mji uliopewa jina la Kaisari Wilhelm wa Pili. Mahali penye ubaridi, pasipo na malaria nyingi kama ya pwani, palionekana panafaa kwa makazi ya kudumu ya Wazungu.

Msingi wa makazi hayo ulikuwa amri ya ardhi ya mwaka 1895, iliyotangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Neno "isiyo na mwenyewe" lilikuwa zito. Katika kilimo cha Wasambaa, ardhi iliyopumzishwa, malisho na msitu vilikuwa na wenyewe na matumizi yake, ingawa havikuwa na mazao kwa wakati huo. Machoni pa sheria mpya, vyote hivyo vingeweza kuhesabiwa kuwa mahame. Hivyo mwenyeji aliweza kugeuka mpitaji katika nchi yake bila kuhama hata hatua moja.

Nguzo ya pili ilikuwa kazi. Wasambaa walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kuyaacha ili wavune kahawa au wakate mkonge wa mtu mwingine. Wenye mashamba makubwa walilazimika kutegemea kwa kiasi kikubwa vibarua kutoka mbali, hasa Wanyamwezi na Wasukuma. Katika miaka iliyofuata Vita vya Maji Maji, wilaya ya Wilhelmstal ilitumia utaratibu wa kipande, uliomtaka mwanamume Mwafrika afanye kazi kwa mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne. Asiyetimiza alikabiliwa na kazi za umma. Sifa ya uvivu ambayo walowezi waliwabandika Wasambaa ilitokana na mgogoro huu: aliyeitwa mvivu alikuwa mtu mwenye kazi yake mwenyewe.

Nguzo ya tatu ilikuwa adhabu. Amri ya mwaka 1896 iliruhusu Waafrika kuchapwa viboko kwa hukumu, lakini iliwaondoa Waarabu na Wahindi katika adhabu hiyo, na Wazungu walikuwa chini ya sheria nyingine kabisa. Sheria yenyewe ilikuwa imepanga watu kwa ngazi. Mlowezi aliyefika mlimani hakuhitaji kuja na chuki. Alikuta daraja lake limekwisha kutengenezwa.

Mvutano kati ya walowezi na Gavana Albrecht von Rechenberg, aliyetawala kuanzia mwaka 1906 hadi 1912, unathibitisha jambo hili. Rechenberg aliona kwamba uchumi wa koloni ungeweza kutegemea kilimo cha Waafrika, na alitaka kupunguza shuruti za walowezi. Walowezi walimpinga vikali, pamoja na kwamba alikuwa Mjerumani mwenzao. Kilichowaunganisha hakikuwa utaifa peke yake, bali maslahi ya ardhi na vibarua.

4. Elimu bila ujirani

Hoja iliyotangulia inaweza kupingwa kwamba si Wazungu wote walijitenga. Wamisionari wa Bethel walianza kazi Mlalo mwaka 1891, na mmoja wao, Karl Roehl, alichapisha sarufi ya Kisambaa mwaka 1911 na baadaye akatafsiri Biblia kwa Kiswahili. Taasisi ya utafiti ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902 katika Usambara Mashariki, ilikusanya maarifa mengi kuhusu mimea. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Tanga, alipeleka Ujerumani ua dogo la zambarau ambalo leo hupandwa katika madirisha ya nyumba nyingi duniani, nalo likaitwa *Saintpaulia* kwa jina lake.

Mifano hii ina uzito, lakini inahitaji kupimwa. Kujifunza lugha kwa kiwango cha Roehl kusingewezekana bila kuishi na watu na kuwasikiliza. Kwa hiyo kudai kwamba kila Mzungu alikuwa amefungwa masikio ni kosa. Lakini maarifa hayo hayakubadilisha hadhi ya aliyeyatoa. Mtu aliweza kufahamu ngeli za Kisambaa au majani ya msitu wa Amani, na bado sheria ya ardhi, kipande na kiboko ikabaki palepale. Vivyo hivyo, mlowezi alipikiwa, akalimiwa na kulelewa watoto na Waafrika kila siku. Ukaribu huo haukuondoa dharau, kwa kuwa ulikuwa ukaribu wa amri. Kinachoondoa ugeni si kukaa karibu tu. Ni kukaa karibu kwa masharti ambayo pande zote mbili zinaweza kuyajadili.

5. Lushoto chini ya Waingereza

Waingereza waliuteka mji huo mwaka 1916. Jina la Kaisari likaondolewa, na jina la Lushoto likashika. Mali za Wajerumani zilitwaliwa na kuuzwa, na Wajerumani wenyewe wakaruhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1925. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana, lakini hati za umiliki zilizotolewa zamani hazikufutwa. Ufalme wa Vuga ulirejeshwa kwa mfumo wa utawala wa wenyeji, ambao nao ulifuata mpaka uleule wa rangi: mfalme aliwatawala Waafrika, hakuwa na mamlaka juu ya mlowezi aliyeishi katika nchi yake. Shule zilitengwa katika mafungu matatu, ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika.

Athari ya mpaka huo ilidhihirika katika Mpango wa Usambara. Mwaka 1946 serikali ilianza Mlalo mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, kisha ikaueneza sehemu nyingine za milima. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta katika miteremko na kuacha kulima sehemu zenye mwinuko mkali. Mmomonyoko ulikuwa tatizo la kweli. Lakini maelezo ya kiserikali yaliweka lawama juu ya ujinga wa mkulima, huku yakipita kimya juu ya ardhi iliyofungwa ndani ya mashamba makubwa na misitu ya hifadhi. Kazi ya matuta iliwaelemea hasa wanawake. Wakulima wengi walihofu pia kwamba ardhi ikishatengenezwa ingetwaliwa na Wazungu. Steven Feierman, katika utafiti wake kuhusu fikra za wakulima wa Usambara, ameonyesha kwamba upinzani huo ulikuwa na mantiki yake ya kisiasa, na haukuwa ukaidi mtupu. Mpango ulivunjika mwaka 1957, na wengi wa waliouchukia waliipokea TANU.

6. Baada ya Uhuru

Baada ya tarehe 9 Desemba 1961, nguzo za kisheria zilianguka moja baada ya nyingine. Mwaka 1962 ubaguzi wa rangi katika uandikishaji wa shule uliondolewa. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa kudumu ulifutwa, na mamlaka ya kisheria ya watemi yakakoma. Azimio la Arusha la mwaka 1967 na sheria ya utwaaji wa majengo ya mwaka 1971 zilipunguza zaidi uwezo wa wachache kumiliki mahali palipo pazuri. Lushoto ikawa makao ya wilaya kama nyingine. Leo Chuo cha Uongozi wa Mahakama huleta mjini humo wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi.

Hata hivyo, sheria ikifutwa, ramani haifutiki siku hiyohiyo. Nyumba zilizojengwa mbali na soko zimebaki mbali na soko. Nafasi iliyoachwa na ofisa wa kikoloni iliweza kujazwa na ofisa mzalendo, na baadaye na tajiri wa jijini ajaye kupumzika. Rangi ya mkazi ilibadilika. Umbali wa lango hadi njia ya mkulima apelekaye mboga Mombo haukubadilika.

7. Hitimisho

Historia ya Usambara haithibitishi kwamba utajiri huzaa chuki kwa lazima. Wakilindi walikuwa na nafasi, mji wao ulikuwa na miiko, na wakati mwingine walitawala kwa ukatili. Lakini utaratibu wao ulikuwa na mlango ambao mgeni aliweza kuupitia kwa ndoa, kwa huduma na kwa kulinda raia. Wilhelmstal haikuwa na mlango huo. Wakazi wake wangeweza kuwa wapole au wakali, wasomi au wajinga, na matokeo kwa Msambaa yakawa karibu yaleyale, kwa sababu kilichomfungia nje hakikuwa hisia za mtu mmoja mmoja bali hati, kipande na hukumu.

Kutokana na hayo, swali linalofaa kuulizwa kuhusu maeneo ya kitajiri ya leo, yawe Lushoto, Oyster Bay au kwingineko, si kama wakazi wake ni watu wema. Swali ni nani aliondolewa ili mahali hapo pawe tulivu, ni nani anayepatunza kwa ujira gani, na kama mtoto wa mtunzaji huyo anaweza siku moja kuishi hapo kwa haki. Pale ambapo jibu la swali la mwisho ni hapana, ukarimu wa mkazi mmoja mmoja, hata ukiwa wa kweli, hauwezi kuufanya mji huo uwe na mlango.