Michembe

'''Michembe''' ni vipande vya viazi vitamu vilivyokatwa vikiwa vibichi na kukaushwa juani. Ni chakula cha akiba cha Wasukuma na majirani wao kusini mwa Ziwa Viktoria, hasa katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita nchini Tanzania. Viazi vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, huitwa '''matobolwa'''. Wageni huchanganya majina haya mawili, ingawa kwa wenyeji ni vyakula tofauti.

== Sababu ya kukausha ==

Karibu asilimia 70 ya uzito wa kiazi kitamu ni maji, hivyo hakikai muda mrefu baada ya kuchimbwa. Kukiacha shambani mpaka kitakapohitajika kunawezekana wakati wa mvua tu. Kiangazi kikianza, takriban mwezi Juni, udongo hupasuka na fukusi wa viazi vitamu (''Cylas puncticollis'' na ''Cylas brunneus'') hupita kwenye nyufa hizo na kutaga mayai kwenye viazi. Kiazi kilichoshambuliwa hutengeneza kemikali chungu za kujikinga, na hata sehemu ndogo iliyotobolewa inaweza kukifanya kisilike. Kwa familia inayosubiri mavuno yajayo, jua lilelile linalopasua udongo ndilo linalookoa chakula.

== Utengenezaji ==

Viazi humenywa, huachwa visinyae kidogo, kisha hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa. Usukuma una miamba mingi ya matale, na miamba hiyo hutumika kama uwanja wa kuanikia: hupata joto haraka na haina vumbi jingi kama ardhi tupu. Mvua ya ghafla ni hatari, kwa kuwa vipande vikilowa huota ukungu.

Vikishakauka hutunzwa kwenye vihenge, vyungu au magunia kwa miezi kadhaa. Hata huko havina usalama kamili, kwani dumuzi mdogo (''Rhyzopertha dominica'') hutoboa vipande hadi vigeuke unga.

== Matumizi ==

Michembe huchemshwa na kuliwa pamoja na maharage, karanga au maziwa. Pia husagwa na kuchanganywa na unga wa nafaka au wa muhogo ili kupika ugali. Matobolwa hayahitaji kupikwa tena. Ni matamu, hutafunwa hivyohivyo au kwa chai, na watoto huyapenda zaidi. Katika kata za mjini kama Kiseke, Manispaa ya Ilemela, ambako nafasi ya kulima na kuanika ni ndogo, wengi hutegemea yanayoletwa kutoka vijijini.

Waiteso wa Uganda wana vyakula vya namna hiyo: ''amukeke'', ambavyo ni vipande vilivyokaushwa, na ''inginyo'', yaani viazi vilivyopondwa na kukaushwa.

== Vitamini A ==

Viazi vyeupe, ambavyo hutumika sana kwa michembe, vina karotini kidogo mno. Aina za rangi ya chungwa zina nyingi, na kazi ya kuzieneza iliwapatia Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade na Jan Low Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, pamoja na Howarth Bouis. Hata hivyo karotini huharibiwa na mwanga na hewa. Upotevu mkubwa hutokea ghalani kuliko juani, kwa hiyo michembe ya viazi hivyo iliyokaa miezi minne huwa imepoteza sehemu kubwa ya karotini yake, japo bado inashibisha.