Ukungu wa kioo

Mkate huota ukungu, kioo huingia ukungu. Jina ni moja. Kitenzi ndicho kinachotofautisha. Wa kwanza ni kuvu, wa pili ni mvuke wa pumzi zetu uliogusa kioo baridi ukageuka matone.

Kwenye Volkswagen Beetle ya zamani, ukungu huu wa pili ni sugu. Injini iko nyuma, inapozwa kwa upepo, haina maji ya rejeta ya kupasha hita. Joto huchotwa kwenye mabomba ya ekzosi, likapita ndani ya mifereji iliyo chini ya milango hadi kioo cha mbele. Mifereji ikiliwa na kutu, joto huishia njiani. Basi wengine hufunga hita ndogo ya umeme. Wengine hushika kitambaa, wakifuta huku wakiendesha. Ila wasiniambie kioo "kimeota".