Nani Alilipia Tisho ya Mhesh? Pesa za Kampeni, Lobi na Maadili, Kutoka Washington Hadi Likoni

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na kama wewe ni wa Likoni dalili zake unazijua hata kabla IEBC haijasema kitu. Tuktuk zinafungwa spika. Leso zenye sura ya mtu zinashuka Mtongwe, tisho zinagawanywa Shika Adabu, na jamaa ambaye hujamtia machoni tangu 2022 anatokea maskani kuuliza mnaendeleaje. Kila mtu anauliza yuko chama gani. Wachache sana wanauliza hizo doo zimetoka wapi.

Sasa cheki hii. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilikodi kampuni ya Washington inayoitwa Continental Strategy, iisukumie mambo yake kwa serikali ya Trump. Bei ilikuwa dola 175,000 kwa mwezi, yaani kama milioni 22 na nusu za kwetu. Tuliijua bei hiyo kwa sababu sheria ya Marekani inalazimisha mkataba kama huo uandikishwe, na karatasi zake zikae wazi kwenye intaneti. Kwa hivyo wewe uliyekaa pale Ferry na bando ya mbao unaweza kusoma Kenya inamlipa nani huko ng'ambo. Lakini MCA wa wadi yako, ambaye geti lake unaliona ukitoka kununua mahamri, huwezi kujua nani aliyemlipia kampeni.

Hapo ndipo mambo yote ya leo yamelala. Twende nayo polepole.

Lobi ni mnyama gani?

Lobi ni kumfuata mwenye mamlaka umshawishi apitishe sheria, aitupe, ama aibadilishe ikufae. Yenyewe si hatia. Mvuvi ana haki ya kumfuata mbunge, mwenye kiwanda pia. Noma inaanza pale mmoja anaingia kwa mlango wa mbele na mwingine kwa mlango wa nyuma, na wa nyuma ndiye anayesikizwa.

Marekani wameigeuza kuwa kazi ya ofisi kabisa. Sheria yao ya 1995 inamtaka anayelipwa kushawishi Bunge lao ajiandikishe, ataje mteja na pesa. Ile ya wanaofanyia kazi serikali za nje ni ya zamani zaidi, 1938, ilitungwa wakati wanaogopa propaganda ya Wanazi. Hiyo ndiyo iliyotuanikia mkataba wetu.

Kwetu hata jina lenyewe limepotea njia. Ukiona gazeti la Kenya limeandika "lobi", mara nyingi ni MUHURI, Haki Africa na mashirika kama hayo ya haki. Wale wa kampuni kubwa wanaokunywa chai na waheshimiwa hotelini hawana jina, na hakuna sheria ya kuwaandikisha.

Ukitaka kuona lobi laivu, kumbuka muguka. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka kuingia na kuuzwa Mombasa. Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Mtaani mambo yalikatika katikati: kuna mzazi aliyeona angalau mwanawe atalala usiku, na kuna muuzaji ambaye kibanda ndicho karo ya watoto. Embu hawakulala. Viongozi wao walifika Ikulu, wakakaa na Rais Ruto, na baada ya kikao taarifa ikatoka kwamba amri za kaunti hazina nguvu kwa sababu muguka inatambuliwa na sheria ya taifa kama zao la kilimo. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikazisimamisha amri hizo. Yote hayo yalichukua kama wiki moja tu.

Sina ubaya na mkulima wa Embu. Alijipanga, na alienda mchana kweupe. Lakini jiulize nani alikuwa amekaa upande wa pili wa ile meza kwa niaba ya mzazi wa Timbwani.

Milioni kumi na nane za kuanzia

Utafiti wa Westminster Foundation for Democracy na wenzao wa Uholanzi, uliotoka 2021, uliangalia uchaguzi wa 2017. Wastani wa gharama ya kampeni ya mbunge ulikuwa kama milioni 18.2. MCA, milioni 3.1. Hizo ni za kuwania tu, hata kama utaanguka.

Sasa tumia akili ya biashara. Benki gani itakukopesha milioni 18 kwa kazi ambayo hujaipata, na ukiikosa hulipi? Hakuna. Marafiki ndio wanaweza. Na rafiki wa aina hiyo ni mtu wa tenda, mtu wa ardhi, mtu wa leseni, mtu ambaye kontena lake linatoka bandarini. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Huyo naye hajatoa sadaka, na mhesh analijua hilo siku ya kwanza anaapishwa. Ndiyo maana barabara ya mtaani kwenu inaweza kupewa mkandarasi yuleyule mara tatu na bado ina mashimo.

Marekani walijaribu kulifunga hili kwa viwango. Uchaguzi wa 2024, mtu mmoja hakuruhusiwa kumpa mgombea wa Bunge lao ama wa urais zaidi ya dola 3,300 kwa uchaguzi mmoja, na ukipita dola 200 jina lako linaandikwa na kuchapishwa. Lakini usidhani kule ni peponi. Mwaka 2010 Mahakama Kuu yao, kwenye kesi ya Citizens United, ilisema kampuni na vyama vinaweza kutumia pesa bila kikomo kwenye siasa, mradi zisipitie mkononi mwa mgombea. Shimo likawa barabara. Mwaka 2024 Elon Musk alimwaga zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Trump na wenzake. Tofauti na kwetu ni kwamba tunaijua hesabu, ingawa hata huko kuna vikundi vinavyoficha majina ya wafadhili.

Na Kenya? Wengi hawajui kwamba sheria tunayo. Katiba ya 2010, kifungu cha 88, inaipa IEBC kazi ya kudhibiti pesa ambazo mgombea ama chama kinaweza kutumia. Mwaka 2013, uchaguzi wa Machi ukiwa umeshapita, Bunge likapitisha Sheria ya Ufadhili wa Kampeni. Kwenye karatasi ni tamu: mgombea awe na akaunti maalum ya kampeni, awe na kamati ya matumizi, mfadhili mmoja asitoe zaidi ya asilimia 20 ya michango yote, na mchango usio na jina usikubaliwe. IEBC inatakiwa itangaze viwango angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi.

Basi tazama ilivyozikwa, mara mbili. Mwaka 2016 IEBC ilitangaza viwango, mgombea urais asipite kama bilioni 5.2. Wabunge wakaisimamisha sheria yenyewe hadi uchaguzi wa 2017 upite. Agosti 2021 IEBC ikajaribu tena, urais bilioni 4.4, na kabla ya mwaka kuisha Bunge la Taifa likazitupa kanuni. Kwa hivyo 2013, 2017 na 2022, chaguzi tatu chini ya katiba mpya, zote zilichezwa bila kipimo. Waliopiga kura ya kuitupa ni haohao ambao kamba ingewafunga. Uliza mwizi kama anataka kufuli jipya.

Pesa za siri si mambo ya jana. Wazee wako watakwambia kwa nini noti ya mia tano iliitwa jirongo: ni jina la Cyrus Jirongo, mwenyekiti wa YK'92, kikundi cha vijana wa KANU kilichomwaga noti nchi nzima kabla ya uchaguzi wa 1992. Baada ya uchaguzi bei za vitu zilipanda, na mwananchi ndiye aliyelipa.

Na Likoni ina kovu lake. Usiku wa 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakachukua bunduki, wakaua polisi na raia, na watu wa bara wakahama makundi kwa makundi. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa 1998 kuchunguza vurugu hizi na za kwingine, na ripoti yake ikatolewa hadharani 2002. Swali lililoisumbua sana ni nani aliyekuwa nyuma ya wale vijana, nani aliwapanga na kuwalisha. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema pesa za kampeni ni mambo ya Nairobi, mwambie aulize nyumbani kwao.

Maadili, na ile bahasha ya Jumapili

Sura ya Sita ya Katiba ndiyo ya uongozi na uadilifu. Kifungu cha 76 kinasema zawadi anayopewa afisa wa serikali kwenye shughuli rasmi ni mali ya Jamhuri, na kwamba hafai kuomba ama kukubali mkopo wala faida binafsi inayoweza kuuchafua uadilifu wake. Soma tena hapo kwa mkopo, halafu kumbuka zile milioni 18.

Tangu 2003 maafisa wa umma wanajaza fomu za mali zao. Hazibandikwi ukutani popote. Tarehe 30 Julai 2025 Rais alitia saini sheria mpya ya mgongano wa maslahi, na EACC ndiyo iliyopewa rungu. Itatuonyesha meno yake ama ufizi, tutajua.

Harambee ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu inavaa nguo ya wema. Baada ya vijana kuingia barabarani Juni 2024, Mombasa ikiwemo, Ruto alitangaza Julai kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Novemba hiyohiyo yeye mwenyewe akatoa pesa kwenye kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema milioni 2.6 zirudishwe. Watu walishangaa kwa sababu hawajazoea kuona bahasha ikirudi. Misikiti, makanisa na timu za mpira za huku kwetu zina mtihani huohuo kila mwaka kabla ya kura, na si rahisi kumwambia kocha akatae jezi wakati vijana wanacheza kifua wazi. Ila basari isikuchanganye. Ile ni kodi yako inarudi, hata kama bango lina sura ya mtu.

Na wewe je, na ile soo mbili? Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inasema kuhonga mpiga kura ni faini isiyozidi milioni 2, ama jela isiyozidi miaka 6, ama vyote. Anayepokea pia yumo. Ikishikwa inauma, lakini si sana: mwaka 2013 Mahakama Kuu ilifuta ushindi wa useneta wa Moses Wetang'ula kule Bungoma, ikisema wapiga kura walihongwa. Uchaguzi ukarudiwa Desemba, akashinda tena. Tangu 2022 ndiye Spika wa Bunge la Taifa.

Kama risiti ya kampeni huipati, anza na mwisho

Huwezi kuona pesa ikiingia, lakini unaweza kuiona ikirudi. Tenda, mikataba, ugavi wa basari: hizo ni karatasi za umma. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuziomba, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Wakikuzungusha, unapeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanaiita Ombudsman.

Si ndoto. SGR ilipoanza kunyang'anya madereva wa malori kazi, Okoa Mombasa waliomba mikataba yake. Serikali ikakataa, siri ya nchi na kadhalika. Khelef Khalifa wa MUHURI na mwenzake wakaenda kortini, na Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema kuwanyima ni kuvunja haki yao. Novemba mwaka huo waziri wa uchukuzi akaweka hadharani sehemu ya karatasi za mkopo wa 2014.

Kwa hivyo kama unataka kujua nani alijenga ule mtaro wa Bofu uliofurika tena, na kwa shilingi ngapi, barua inaenda kwa ofisi ya kaunti. Taja kitu kimoja: jina la mradi, mwaka, mkandarasi na kiasi alicholipwa. Kutuma ombi hakulipiwi, labda kopi tu. Kiswahili kinakubalika kisheria, na mtu asiyeweza kuandika anaruhusiwa kusema kwa mdomo, afisa aandike.