Deni la Dola 200

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Katika insha hii nitaeleza filamu moja ya Marekani kuhusu deni ambalo halikulipwa, na yale niliyojifunza humo juu ya historia.

Filamu hiyo inaitwa Paper Moon. Iliongozwa na Peter Bogdanovich na kutolewa mwaka 1973, kutokana na riwaya ya Joe David Brown iitwayo Addie Pray. Ingawa wakati huo filamu za rangi zilikuwa za kawaida, hii haina rangi, nasi tunayaona maisha ya Kansas ya miaka ya 1930 kama katika picha za zamani.

Kwanza tuuelewe wakati wenyewe. Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka. Kufikia mwaka 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi, na benki elfu kadhaa zilikuwa zimefungwa, nyingine zikiwa na akiba za watu ndani. Mwaka huo serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilianzisha bima ya amana ili watu waziamini benki tena. Juu ya hayo, ukame ulikausha mashamba ya Kansas na upepo ukapeperusha udongo.

Katika hali hiyo tapeli Moses Pray anatafuta riziki. Anasoma matangazo ya vifo gazetini, kisha anabisha hodi kwa mjane akiwa na Biblia iliyoandikwa jina la mjane huyo kwa dhahabu. Anadai kwamba marehemu aliiagiza na hakumaliza kulipa. Mjane analipa. Hata aliyeacha kuiamini benki bado aliiamini Biblia na mapenzi ya mumewe, na tapeli alilijua hilo.

Wenzangu darasani walicheka. Mimi sikucheka. Kwetu Uganda, siku ya mazishi msemaji wa familia huuliza kama kuna anayemdai marehemu. Tulipomzika babu, mtu mmoja alisema anadai pesa za ng'ombe. Hakuwa na karatasi wala shahidi. Bibi alimlipa kwa sababu hakutaka babu alale kaburini na deni. Baadaye tuligundua kwamba hapakuwa na ng'ombe wowote.

Kwa hiyo nilitamani Moses afungwe. Aliyenibadilisha ni Addie, mtoto wa miaka tisa ambaye mama yake amekufa kwa ajali ya gari. Moses anapewa dola 200 na ndugu wa dereva aliyesababisha ajali, kisha anazitumia. Addie anagundua na kuzidai. Kwa kuwa Moses hana za kumlipa, inambidi asafiri naye. Mtoto anaujua utapeli upesi kuliko mwalimu wake, na mlangoni kwa tajiri anapandisha bei. Lakini anapomwona mjane maskini mwenye watoto wengi, anasema Biblia imekwisha kulipiwa.

Je, Moses ni baba yake? Filamu haijibu. Ila waigizaji wenyewe, Ryan O'Neal na Tatum O'Neal, walikuwa baba na binti kweli, na Tatum alipata tuzo ya Oscar mwaka 1974 akiwa na miaka 10 tu. Mwishoni Moses anamfikisha Addie kwa shangazi yake huko Missouri, kwenye nyumba nzuri. Addie anatoroka, anamfuata barabarani na kumkumbusha dola 200. Moses amekwisha kupigwa na kunyang'anywa kila kitu. Hawezi kulipa, basi wanaondoka pamoja.

Vitabu vya historia vilinipa idadi ya wasio na kazi. Filamu hii ilinionyesha kwamba katika shida watu huibiwa kupitia wema wao, na kwamba hata mwizi anaweza kufungwa na deni moja hadi awe mzazi.

Likizo iliyopita nilimsimulia bibi kisa chote kwa Kiganda. Alicheka sana aliposikia ujanja wa Addie. Kisha akaniuliza, "Na wale wajane, walirudishiwa pesa zao?"

Nikamjibu, "Hapana, bibi. Hawakurudishiwa."